Nyama isiyouzwa: kulungu wa Texas na historia ya mnofu usio na mafuta

Maduka ya nyama ya Alief, kusini-magharibi mwa jiji la Houston nchini Marekani, hayamwangushi mteja anayezungumza Kiswahili. Nyama ya mbuzi ipo, ya kondoo ipo, matumbo na makongoro yapo, na palipoandikwa neno halali mlangoni, mteja huambiwa kwamba mnyama amechinjwa kwa kufuata sheria ya dini. Lakini iko nyama moja ambayo mteja huyo hataikuta kwa kawaida katika friji za maduka hayo, ingawa mnyama wake yuko kwa mamilioni katika jimbo hilohilo la Texas, na ingawa ina mafuta machache kuliko karibu kila kilichopangwa hapo. Nayo ni nyama ya kulungu.

Sababu ya kutouzwa si uhaba, wala si ladha, wala si mwiko. Sababu ni historia. Nyama hiyo iliwahi kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote, ikakaribia kwisha. Ilipokatazwa kuuzwa, ikarudi. Ni historia inayoanzia katika mbuga za Texas, ikapitia London na Kampala, na leo inawagusa watu waliotoka Kivu na Kigoma, wanaojiuliza kile kitokacho jikoni katika nchi yao mpya kitawafanya nini.

Mji na mnyama

Alief ni jina la mwanamke. Posta ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 1895, msimamizi wake alikuwa Alief Ozelda Magee, na kijiji kikaitwa kwa jina lake. Wakati huo palikuwa mbuga tambarare yenye majani, iliyofurika maji kila mvua kubwa iliponyesha. Baadaye wakaja wakulima wa mpunga. Houston ilipopanuka katika miaka ya 1970, mashamba yakageuka mitaa. Wavietnam waliokimbia nchi yao baada ya mwaka 1975 walikuwa miongoni mwa waliohamia upande huo wa jiji, wakafuatwa na watu wa Amerika ya Kati na Waafrika wa magharibi. Katika miaka ya 2010, Wakongo walipokuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, Houston ilikuwa mojawapo ya miji iliyowapokea, na Kiswahili kikaanza kusikika kwenye majengo ya kupanga ya kusini-magharibi mwa jiji.

Kulungu alikuwapo kabla ya wote hao. Kiswahili hakikumpa jina lake mwenyewe, kwa kuwa haishi mashariki mwa Afrika. Watafsiri walimwazima jina la kulungu, yule mnyama wa vichakani mwenye mistari na madoa meupe, au wakamwita paa. Kwa kweli wanyama hawa ni wa koo mbili tofauti. Kulungu wa Afrika ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi, na pembe zake hudumu maisha yake yote. Yule wa Texas, anayetambulika kwa weupe ulio upande wa chini wa mkia wake, huota pembe zenye matawi kila mwaka, kisha huziangusha msimu wa kupandana unapokwisha.

Kwa mpishi, hata hivyo, hawa wawili ni ndugu. Wote hula majani na machipukizi, na wote huishi kwa kuruka na kukimbia. Ng'ombe anayenoneshwa kwa nafaka huweka mafuta ndani ya msuli wenyewe, yakaonekana kama mishipa myeupe katikati ya nyama nyekundu. Kulungu hafanyi hivyo. Shahamu yake chache hukaa chini ya ngozi, mgongoni na kuzunguka figo, ambako kisu huiondoa kwa urahisi. Kinachobaki ni mnofu mtupu.

Mioyo mia sita

Habari za kwanza zilizoandikwa kuhusu mnyama huyu katika eneo hilo zinamhusu pia Mwafrika. Mwaka 1528 mashua za Wahispania waliopotea njia zilitupwa na mawimbi kwenye pwani ya Texas, karibu na mahali panapoitwa Galveston leo, si mbali na Alief. Kati ya waliokolewa, ni wanne tu waliofanikiwa baada ya miaka minane kufika Mexico kwa miguu. Mmoja wao alikuwa Álvar Núñez Cabeza de Vaca, aliyeandika simulizi ya safari hiyo iliyochapishwa mwaka 1542. Mwingine alikuwa mtumwa mzaliwa wa Azemmour nchini Morocco, aliyejulikana kwa jina la Estevanico.

Simulizi hiyo imejaa njaa. Watu wa pwani waliishi kwa samaki, chaza na mizizi, na waliwawinda kulungu kwa kuwazingira kwa moto au kuwakimbiza mpaka wachoke. Baadaye, wasafiri hao walipofika katika eneo ambalo sasa ni Sonora nchini Mexico, wenyeji waliwapa zawadi ya mioyo ya kulungu zaidi ya 600. Wahispania wakaliita kijiji hicho Corazones, yaani Mioyo.

Wenyeji wa bara hilo walikuwa wametambua jambo ambalo sayansi ilichelewa kulieleza: mnofu peke yake haumtoshi mtu. Katika nyanda za kaskazini mwa Texas na mbali zaidi, hadi Kanada, nyama iliyokaushwa ilitwangwa ikawa unga, ikachanganywa na mafuta yaliyoyeyushwa na wakati mwingine matunda ya porini. Chakula hicho kiliweza kukaa miezi mingi bila kuharibika. Wasomali na Waborana wana desturi iliyo karibu sana na hiyo. Nyama hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Nchini Kenya huitwa nyirinyiri. Watu ambao hawakuwahi kuonana walifikia jibu moja kwa sababu swali lilikuwa moja.

Wiki moja ya Mei 1900

Karne ya 19 ilileta bunduki zinazopiga risasi mfululizo, reli, na mabehewa yenye barafu. Kwa mara ya kwanza, kulungu aliyeuawa mbali porini aliweza kuliwa katika hoteli za miji mikubwa kabla nyama haijaoza. Wawindaji waliajiriwa kwa kazi hiyo. Ngozi nazo zilikuwa na soko lake. Kufikia mwisho wa karne hiyo, inakadiriwa kuwa kulungu wenye mkia mweupe waliobaki Marekani nzima hawakuzidi nusu milioni, na katika sehemu nyingi walikuwa wametoweka kabisa.

Tarehe 25 Mei 1900, Rais William McKinley alitia saini sheria iliyopendekezwa na mbunge wa jimbo la Iowa, John Lacey. Sheria hiyo ilifanya kuwa kosa la taifa kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama wa porini aliyeuawa kinyume cha sheria za jimbo. Haikumlenga sana mtu mwenye bunduki bali mtu mwenye duka. Majimbo nayo, kwa nyakati tofauti, yakapiga marufuku uuzaji wa nyama ya kulungu wa porini.

Siku sita kabla ya hapo, tarehe 19 Mei 1900, wajumbe wa madola ya Ulaya waliokuwa na makoloni barani Afrika walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Mkataba huo haukuanza kutumika rasmi, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za uwindaji za makoloni, zikiwemo za mashariki mwa Afrika.

Sheria hizo mbili zilizaliwa wiki moja, kwa hofu moja, ila hazikumwangukia mtu mmoja. Katika makoloni, aliyeweza kulipia leseni na kumiliki bunduki aliitwa mwindaji. Aliyewinda kwa upinde na mtego ili ale, kama walivyofanya Wata wa nyika ya Tsavo au Wakamba jirani zao, aliitwa jangili. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho. Wawili hao peke yao walipiga wanyama 512. Hata Marekani kwenyewe sheria ziliwaumiza wengine zaidi ya wengine, hasa wenyeji wa asili na maskini wa vijijini. Lakini huko haki ya raia wa kawaida kuwinda kwa ajili ya chungu chake ilibaki ndani ya sheria. Mashariki mwa Afrika, kwa sehemu kubwa, ilitolewa nje.

Nzi na ndama

Marufuku peke yake haikumrudisha kulungu wa Texas. Alikuwa na adui mwingine, nzi ambaye hutaga mayai kwenye jeraha bichi, na funza wake hula nyama ya mnyama angali hai. Kitovu cha ndama aliyezaliwa punde kilitosha kuwa mlango. Wafugaji walipoteza ng'ombe, na porini ndama wa kulungu walikufa bila kuhesabiwa.

Wanasayansi Edward Knipling na Raymond Bushland walikuja na wazo ambalo mwanzoni lilichekwa: kuwafuga madume wa nzi hao kwa mamilioni, kuwahasi kwa mionzi, kisha kuwaachia angani. Jike hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume aliyehasiwa, mayai yake hayaanguliwi. Kiwanda cha nzi hao kilifunguliwa katika mji wa Mission, Texas, mwaka 1962, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nzi huyo alikuwa ametokomezwa Marekani. Idadi ya kulungu ikapanda. Leo Texas inakadiriwa kuwa nao milioni 5 hivi, wengi kuliko jimbo lingine lolote.

Msikilizaji wa Zanzibar anaijua mbinu hiyo kwa njia nyingine. Ndiyo iliyotumika kisiwani Unguja katika miaka ya 1990 dhidi ya mbung'o, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mdudu huyo. Huko Marekani kazi haijaisha: tangu mwaka 2023 nzi wa majeraha amerejea Amerika ya Kati na kusonga kaskazini hadi Mexico, na wafugaji na wawindaji wa Texas wamerudi kwenye wasiwasi wa babu zao.

Maabara ya Makerere

Kwamba nyama ya porini ina mafuta machache, kila aliyewahi kuipika alijua. Kwamba mafuta hayo ni ya aina tofauti, lilikuwa jambo la kuthibitishwa, na sehemu kubwa ya uthibitisho huo ilitoka Uganda.

Mwaka 1959 madaktari wa Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, waliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika wa Uganda, huku ukiwapata Waasia walioishi mji huohuo, na kwamba kiwango cha kolesteroli katika damu za makundi hayo mawili kilitofautiana. Mwaka uliofuata alifika Makerere Mwingereza Michael Crawford, mtaalamu wa kemia ya viumbe, akafundisha hapo hadi mwaka 1965. Alilinganisha mafuta ya wanyama wa porini na yale ya ng'ombe wa kufugwa. Matokeo aliyoyachapisha katika The Lancet mwaka 1968 yalionyesha kuwa tofauti haikuwa ya wingi tu. Katika nyama ya porini, sehemu kubwa zaidi ya mafuta hayo machache ilikuwa ya aina ambayo mwili huitumia kujenga kuta za seli na ubongo. Katika mnyama aliyenoneshwa, yalitawala mafuta mazito yanayoganda. Crawford aliuliza iwapo ufugaji wa kunonesha ulikuwa umebadilisha chakula cha binadamu bila yeye kujua. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner waliirudia hoja ya aina hiyo katika jarida maarufu la tiba la Marekani, na tangu hapo nyama ya porini imekuwa ikisifiwa na wanaotafuta afya.

Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaiunga mkono sifa hiyo, kwa kiasi. Gramu 100 za nyama mbichi ya kulungu zina kalori 120 hivi, protini gramu 23 na mafuta yasiyofika gramu 3. Kiasi hichohicho cha nyama ya ng'ombe ya kusaga ya kawaida, yenye asilimia 20 ya mafuta, kina kalori 254 na protini gramu 17. Nyama ya kulungu pia ina madini ya chuma kwa wingi, jambo lenye maana kwa wanawake wenye upungufu wa damu.

Hata hivyo, sifa ina mipaka. Kolesteroli iliyomo katika nyama ya kulungu si ndogo kuliko ya ng'ombe. Huwa sawa nayo au kuizidi kidogo. Steki ya ng'ombe iliyoondolewa shahamu yote hukaribiana na kulungu kwa uchache wa mafuta. Na wale Waganda ambao mioyo yao iliwashangaza madaktari hawakuwa wawindaji. Wengi walikula matoke, viazi, maharage na mboga. Nyama ya porini haikuwa dawa yao. Mvumbuzi Vilhjalmur Stefansson, aliyekaa miaka mingi na watu wa Aktiki, alijifunza upande wa pili wa jambo hilo mwaka 1928, alipokubali kufanyiwa uchunguzi katika hospitali ya Bellevue mjini New York. Alipopewa nyama tupu isiyo na mafuta, aliugua baada ya siku chache. Alipoongezewa mafuta, akapona. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi nchini Tanzania, ambao bado huwinda, hawaishi kwa nyama pekee: hula pia asali, ubuyu, matunda na mizizi. Mnofu ni chakula bora pale unapokuwa na wenzake.

Mchicha wa usiku

Katika kambi za wakimbizi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, swali la nyama halikuwa la afya bali la kupata. Mgao wa chakula ulikuwa unga, maharage, mafuta na chumvi. Nyama haikuwamo. Ripoti ya shirika la TRAFFIC iliyotolewa mwaka 2008 ilieleza jinsi wakimbizi walivyoitafuta nyamapori kwa siri, na jinsi ilivyopewa jina la mafumbo la mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa giza likishaingia. Ripoti hiyo haikuwalaumu waliokula. Ilisema wazi kwamba mpango wa misaada usiompa mtu nyama, ukampeleka kuishi kando ya mbuga, umekwisha kumchagulia njia.

Baadhi ya waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, ndio waliopelekwa Marekani katika miaka ya 2010. Walitoka mahali ambapo nyama ilikuwa ndogo na ya kujificha, wakaingia mahali ambapo nyama iliyo rahisi zaidi ndiyo yenye mafuta mengi zaidi. Kuku wa kukaanga yupo kila kona. Nyama ya kusaga hupungua bei kadiri mafuta yanavyozidi. Wahudumu wa afya wanaowashughulikia wahamiaji nchini humo wamezoea kuona uzito, shinikizo la damu na kisukari vikipanda kadiri miaka ya ugenini inavyoongezeka. Ndiyo maana kulungu si suala la anasa kwao. Kwa mwenye kumpata, mnyama mmoja hujaza friji ya familia kwa miezi.

Kumpata ndiyo kazi. Texas huruhusu uwindaji kwa leseni, na msimu mkuu wa bunduki huanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo sharti apitie mafunzo ya uwindaji. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya jimbo ni mali ya watu binafsi, na wenye ardhi hutoza pesa. Ipo misitu ya umma, kama msitu wa taifa wa Sam Houston ulio kaskazini mwa jiji, lakini nayo ina vibali na kanuni zake. Njia inayobaki kwa walio wengi ni zawadi. Mwindaji anaruhusiwa kumpa jirani, mfanyakazi mwenzake au muumini mwenzake, na ipo mipango ya hisani, kama ule uitwao Hunters for the Hungry, inayopeleka nyama hiyo kwenye maghala ya chakula cha msaada.

Nyama ya kulungu inayoonekana katika mikahawa ya Houston huwa imetoka kwingine: kwenye mashamba ya New Zealand, au kwa wanyama wa kigeni walioletwa Texas, kama nilgai na kulungu wa madoa wa India, ambao sheria ya jimbo haiwahesabu kuwa wanyama wa kuwindwa wa nchi hiyo. Hao huweza kuuzwa wakikaguliwa, na bei yake si ya mtu wa Alief.

Ndani ya chungu

Atakayepewa nyama hiyo atakuta kwamba ubora wake ndio ugumu wake. Katika nyama yenye mafuta, shahamu huyeyuka polepole na kulainisha nyuzi hata mpishi akisahau jiko. Kulungu hana msamaha huo. Joto likizidi, nyuzi zake hujikaza na kukamua maji yote, na kinachofika mezani ni kitu kikavu chenye kushindana na meno. Wengi walioionja mara moja na kuikataa walionja kosa la mpishi.

Njia ni mbili, na katikati yake hakuna usalama. Sarara, na misuli laini ya mgongoni, hupikwa kwa moto mkali na kwa muda mfupi. Mamlaka za Marekani zinashauri kipande kizima kifike nyuzijoto 63 za Selsiasi ndani, na nyama ya kusaga 71. Shingo, mikono na miundi huhitaji kinyume chake: maji, moto mdogo na saa tatu au nne, mpaka kano ziyeyuke na kuwa mchuzi mzito. Shahamu ya kulungu yenyewe huondolewa yote, kwa kuwa huganda upesi mdomoni kama nta na kubeba harufu.

Mafuta, basi, hutoka nje. Wajerumani waliohamia Texas katika miaka ya 1840 na kuanzisha miji ya New Braunfels na Fredericksburg walileta ufundi wa soseji, na soseji ya kulungu ya Texas hadi leo kwa kawaida huchanganywa na nyama ya nguruwe. Mwislamu anayempelekea mchinjaji kulungu wake lazima aulize kabla ya mashine kuwashwa. Shahamu ya ng'ombe au mkia wa kondoo hufanya kazi hiyohiyo. Jiko la Waswahili lina majibu yake ya zamani: papai bichi lililopondwa na kupakwa kwenye mishkaki hulainisha nyuzi, maziwa ya mgando hufanya hivyo polepole zaidi, na tui la nazi, karanga za kusaga au mawese hurudisha ulaini ambao mnyama hakuwa nao. Tahadhari ni moja. Tui na mawese vina mafuta yanayoganda kwa wingi, na mpishi asiyepima anaweza kuyarudisha kwa kijiko yale yote ambayo mnyama aliyaacha porini.

Katika dini, kulungu ni mnyama halali kwa asili yake, na uwindaji una hukumu zake, ikiwemo kutaja jina la Mungu wakati wa kupiga. Kuhusu nyama iliyopigwa na mtu wa imani nyingine, wanazuoni hawana kauli moja, na familia nyingi huuliza msikitini kabla ya kupokea.

Yapo pia mambo mapya ambayo mababu hawakuyajua. Risasi ya madini ya risasi ikimgonga mnyama hupasuka vipande visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota lilizishauri ghala za msaada zitupe nyama ya kusaga iliyotolewa na wawindaji baada ya vipande hivyo kugunduliwa. Watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi, na sehemu iliyo karibu na jeraha ni ya kukatwa na kutupwa kwa ukarimu. Aidha, mwaka 2012 uligunduliwa Texas ugonjwa unaowadhoofisha kulungu hadi kufa, unaosababishwa na protini zilizoharibika umbo, ambazo moto wa jikoni hauziui. Haijathibitishwa kuwa umewahi kumpata binadamu, lakini wataalamu wanashauri kulungu wa maeneo yenye ugonjwa huo apimwe kabla ya kuliwa.

Bucha au zawadi

Mashariki mwa Afrika mjadala haujafungwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977. Baadaye iliruhusu kwa majaribio baadhi ya mashamba kuvuna wanyama na kuuza nyama yao, ambayo watalii na wenyeji wa Nairobi waliila mahotelini, kisha ikaufunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tanzania imechukua njia nyingine: kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu bucha za nyamapori zenye leseni, ili mwananchi ale kwa halali kile alichokuwa akikila gizani.

Wanaoiunga mkono Tanzania wanasema kwamba mtu hatamlinda mnyama ambaye ni wa mgeni tu. Wanaoipinga wanauliza nani atatofautisha mezani kipande cha leseni na kipande cha ujangili. Texas haiwezi kuwajibia, kwa sababu mazingira si yale yale: kulungu huzaa upesi, mara nyingi pacha, na wanyama waliomla, kama mbwa mwitu, waliuawa zamani. Lakini ina ushahidi mmoja wa kutoa. Huko, mamilioni ya watu hula nyama ya porini kila mwaka na mnyama hapungui, kwa sharti kwamba hakuna anayeweza kumgeuza fedha. Anaweza kuliwa, anaweza kutolewa, hawezi kuuzwa.

Kwa familia ya Alief isiyo na bunduki wala shamba, maana yake ni kwamba mnofu bora zaidi wa jimbo hilo haupatikani kwa pesa bali kwa kujuana. Watakaoula ni wale ambao jirani yao ametambua kwamba wangependa kuupata, na ambao jikoni mwao yumo mtu anayejua la kufanya na nyama isiyo na mafuta yake yenyewe. Maarifa hayo wengi walikuja nayo kutoka nyumbani. Yalitumika zamani kwa swala na paa, na wakati mwingine usiku, mlango ukiwa umefungwa. Huko waliko sasa hakuna haja ya kufunga mlango.